Chembe zinazoogelea kwenye mkojo: zinavyopenya uvimbe wa saratani, na mahali zinapokwama

Januari 2024, watafiti wa Barcelona na San Sebastián nchini Uhispania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo vyombo vya habari vililiita kazi ya roboti. Waliingiza kwenye vibofu vya panya wenye saratani chembe ndogo mno zinazojisukuma kwa kutumia mkojo wenyewe, na dozi moja ikapunguza ukubwa wa uvimbe kwa takriban 90%. Ukisikia roboti unafikiria kidude chenye usukani, kinachojua saratani iko wapi na kuifuata. Hapa hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna punje ya silika, madini yale yale ya mchanga, yenye upana wa nanomita 450 hivi, iliyojaa vitundu na kupakwa kimeng'enya kwa nje. Ukizipanga punje 16 kwenye mstari ndipo unapata upana wa seli moja nyekundu ya damu. Haina betri wala macho, na haiwezi kushika njia iliyonyooka hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Hata hivyo kazi ilifanyika, na linalotaka kufumbuliwa ni jinsi ilivyofanyika. Ukiipiga hesabu vizuri utakuta kwamba kuogelea kwenyewe kumechangia kidogo kuliko jina linavyodokeza. Mchango mkubwa umetoka kwenye kemia inayotokea pembeni mwa chembe, kwenye mzigo uliobebwa, na kwenye mahali palipochaguliwa: kibofu, ambamo mafuta ya injini yamejaa tele na hamna mkondo wa damu wa kuzizoa chembe.

Uvimbe unavyojikinga

Dawa nyingi za saratani husafiri kwa damu, na kila kituo njiani hutoza ushuru wake. Ini na bandama ndizo za kwanza: seli walinzi wa ini humeza chembe ngeni ndani ya dakika au saa chache. Zinazobaki zinapaswa kutoka nje ya mshipa. Mwaka 1986 Matsumura na Maeda wa Japani walieleza kwamba mishipa ya uvimbe huvuja, hivyo vitu vikubwa hupenya na kujikusanya humo. Taaluma nzima ililitegemea wazo hilo kwa miaka mingi. Doksorubisini, dawa ya saratani, iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kutibu saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Kisha mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto likakusanya tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba kiwango cha kati cha chembe zinazofika kwenye uvimbe ni 0.7% ya zilizodungwa. Katika kila chembe elfu moja, saba.

Na hizo saba zimefika mlangoni tu. Katika tishu ya kawaida shinikizo la majimaji yaliyo kati ya seli ni karibu na sifuri, lakini ndani ya uvimbe mgumu linaweza kufika milimita 10 hadi 40 za zebaki, karibu sawa na lililomo ndani ya mishipa midogo inayoulisha. Pasipo tofauti ya shinikizo hakuna mkondo wa kuibeba dawa kwenda ndani, kwa hiyo inabaki kujitawanya yenyewe polepole. Mbele yake kuna wavu wa kolajeni na asidi ya haialuroniki wenye matundu ambayo mara nyingi ni ya makumi ya nanomita, au mia chache mahali palipolegea. Doksorubisini ni molekuli ndogo sana ikilinganishwa na chembe yoyote, lakini hata hiyo hupungua hadi nusu inapofika mikrometa 40 au 50 kutoka kwenye mshipa, umbali wa seli tatu au nne. Seli zilizo mbali zaidi, zenye oksijeni haba na zinazogawanyika polepole, ndizo zinazostahimili dawa, na uvimbe huota tena kutoka kwao.

Saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli wa kibofu, ambayo ni kama robo tatu ya wagonjwa wanapogunduliwa katika nchi kama za Ulaya, hutibiwa kwa njia inayokwepa damu kabisa. Baada ya uvimbe kukwanguliwa, dawa humiminwa ndani ya kibofu kwa katheta, yaani mrija mwembamba: mitomaisini, mara nyingi miligramu 40, au chanjo ya BCG mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Mgonjwa huishikilia kwa saa moja hadi mbili kisha hukojoa. Ubaya ni kwamba ukuta wa kibofu umeumbwa usipitishe kitu, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia mkojo usirudi mwilini. Dawa huelea kwenye mkojo, huzimuliwa na mkojo mpya unaoshuka kutoka kwenye figo, kisha hutoka nao. Wagonjwa wengi wa aina hii huishi, ila saratani yao huwa na tabia ya kurudi, na kila ikirudi ni katheta, kamera na kukwangua upya.

Majini pasipo kuserereka

Mvuvi akipiga kasia moja na kuacha, mtumbwi unaserereka mita kadhaa. Chembe ya nanomita 450 injini yake ikizimika, inasimama kabla haijamaliza hata upana wa atomi moja. Kwa umbo dogo kiasi hicho mnato wa maji ndio unaotawala, uzito hauna kauli. Wahandisi hupima jambo hili kwa namba ya Reynolds: kwa chembe hii ikienda mikrometa 5 kwa sekunde namba hiyo ni takriban 0.000002, ilhali kwa mtu anayeogelea baharini ni mamia ya maelfu na zaidi. Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Purcell alionyesha kwamba katika hali hiyo chaza anayefungua na kufunga magamba yake hafiki popote, maana kila hatua anayokwenda mbele akifunga anairudisha akifungua. Mapezi ya kupunga huku na huku hayafai. Kinachofaa ni mkia unaozunguka kama skrubu, jinsi bakteria wanavyofanya, au kemia inayofanyika zaidi upande mmoja wa chembe kuliko mwingine.

Injini za kwanza za kemia za aina hii zilionekana mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, kwa Ayusman Sen, Thomas Mallouk na wenzao: vijiti vya mikrometa 2, nusu dhahabu na nusu platinamu, vilivyokimbia ndani ya haidrojeni peroksaidi ya 2 hadi 3%. Vilipendeza kutazama, lakini peroksaidi ya kiwango hicho huua seli. Baadaye walikuja wa San Diego, Joseph Wang na Liangfang Zhang, na vimirija vya zinki vilivyojisukuma kwa asidi ya tumbo la panya. Hapo mafuta yalikuwa ya mwili wenyewe, ila zinki huliwa ikaisha, na kifaa cha mikrometa 20 ni kikubwa mno kupenya tishu. Kundi la Samuel Sánchez la Barcelona, lile la jaribio la panya, likaelekea kwenye urea, taka ya mwili inayotolewa kwa mkojo.

Kimeng'enya kinachoitwa yurease huvunja molekuli moja ya urea kwa msaada wa maji na kutoa amonia mbili na kaboni dioksaidi moja. Kimo kwenye bakteria wengi na mimea kadhaa. James Sumner alikifanya fuwele mwaka 1926 kutoka kwenye mmea wa jamii ya maharagwe, Canavalia ensiformis, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa kimeng'enya chochote kuthibitishwa kuwa ni protini. Alipata Nobel mwaka 1946. Amonia na kaboni dioksaidi zikiyeyuka majini hugeuka ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na ayoni hizo husambaa kwa kasi zisizolingana. Hutokea uga mdogo wa umeme unaovuta maji kuambaa kwenye uso wa chembe, na chembe husukumwa upande wa pili. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, ingawa watafiti bado wanabishana juu ya undani wake.

Sasa ije hesabu ambayo makala nyingi za kusifia huiruka. Molekuli za maji huigonga chembe kutoka pande zote na kuigeuza. Kwenye maji ya nyuzijoto 37, punje ya nanomita 450 husahau ilikokuwa imeelekea ndani ya takriban sekunde 0.02. Tuseme injini yake ni nzuri na inakwenda mikrometa 10 kwa sekunde: kabla ya kugeuzwa itakuwa imekwenda mikrometa 0.2, chini ya nusu ya upana wake. Muda huo hupungua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa, hivyo punje ya nanomita 100 hugeuzwa upesi mara 90 zaidi, na injini yake inakuwa karibu na bure. Kwa hiyo mwendo wa chembe si safari, ni mtikisiko uliozidishwa. Bila injini, kipimo cha kutawanyika kwa punje ya 450 ni mikrometa mraba 1.5 kwa sekunde. Injini ya kasi ile inakipandisha hadi 2.2 hivi. Katika saa mbili ambazo mgonjwa angeshikilia dawa, punje isiyo na injini ingetangatanga hadi mikrometa 250 kutoka ilipoanzia, na yenye injini hadi 310.

Hiyo ni nyongeza ya robo, tena kwenye maji matupu. Lakini kwa panya wa Uhispania picha za PET, zinazonasa mionzi ya chembe zilizotiwa alama, zilionyesha chembe zikijikusanya kwenye uvimbe, na vipimo vya kemia vikahesabu kwamba ni mara nane zaidi. Tofauti kati ya robo na mara nane lazima itafutiwe chanzo kingine, na tutaifikia tukishaona chembe inavyotengenezwa.

Kuipika punje

Silika yenye vitundu hupikwa kwa kufuata umbo la sabuni. Sabuni ya maabara iitwayo CTAB huyeyushwa kwenye maji ya moto pamoja na trietanolamini, ambayo huyafanya maji kuwa ya kibesi. Molekuli zake hujipanga kuwa vifimbo vidogo. Kisha hutiwa TEOS, kimiminika chenye silikoni, nacho hugeuka silika kuvizunguka vifimbo hivyo. Baada ya saa mbili tatu za kukoroga kwa kasi ileile kwenye joto la karibu nyuzi 95, unapata punje zenye sabuni ndani. Ukiitoa sabuni, mahali ilipokuwa panabaki matundu ya nanomita 2 hadi 3.

Kuitoa ndiko kunakowashinda wanaoanza. Hufanywa kwa kuchemsha punje ndani ya methanoli yenye asidi ya haidrokloriki, mvuke ukirudishwa chunguni, kwa muda wa siku nzima, na mara nyingine hurudiwa. CTAB ni sumu kwa seli. Ikibaki hata kidogo, seli za saratani zitakufa na utaandika kwamba dawa yako ina nguvu, kumbe umeziua kwa sabuni. Huharibu na kimeng'enya pia.

Punje ikishakuwa safi hupakwa APTES ili uso wake uwe na vikundi vya amini, kisha huwekwa glutaraldehaidi, molekuli yenye kulabu mbili: moja inashika punje, nyingine itashika kimeng'enya. Kulabu zikiwa chache kimeng'enya hudondoka, zikizidi na punje hazijaoshwa vizuri, punje hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa madonge. Ndiyo sababu yurease huongezwa pamoja na polietilini glaikoli, nyuzi laini zinazozitenganisha punje, na mchanganyiko huachwa usiku kucha ukitikiswa taratibu. Kwa upana wa zaidi ya nanomita 10, yurease haiwezi kuingia kwenye matundu ya nanomita 2 au 3. Inakaa nje, na matundu yanabaki wazi kwa dawa ndogo kama doksorubisini. Mgawanyo huo wa vyumba haukupangwa na fundi, umbo lenyewe limeupanga.

Mwishoni punje huoshwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, mara tatu au zaidi, na maji ya mwisho hupimwa kama bado yanavunja urea. Yakivunja, kuna yurease isiyoshikwa inayoelea, nayo italeta hasara maradufu: itakula mafuta ya wenzake na kutapakaza amonia kila mahali, hivyo ile tofauti ya upande na upande inayoisukuma chembe itafifia. Kipimo rahisi ni rangi inayobadilika kwa pH, kama fenoli nyekundu, inayogeuka kutoka manjano kuwa waridi amonia inapoongezeka. Shaba, fedha na zebaki huiua yurease hata zikiwa kidogo sana, kwa hiyo chombo kichafu kinatosha kuharibu kazi ya wiki. Bafa ya fosfati, maji ya chumvi ya kutuliza pH ambayo kila maabara ya baiolojia inayo rafuni, nayo si rafiki: fosfati huizuia yurease, na chumvi nyingi majini huumeza ule uga mdogo wa umeme.

Swali la zamani lilikuwa kama lazima kimeng'enya kipakwe upande mmoja tu, kama Janus, mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili. Kundi la Barcelona lilionyesha mwaka 2018, kwa kapsuli kubwa kidogo za mikrometa, kwamba si lazima: kimeng'enya hujibandika kwa mabaka yasiyo sawa, na mabaka hayo yanatosha kuleta tofauti ya upande na upande, mradi idadi ya molekuli zake ivuke kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho chembe hutikisika tu kama vumbi.

Yaliyotokea ndani ya kibofu

Mtu mzima hutoa gramu 20 hadi 35 za urea kwa siku. Zikiyeyuka kwenye lita moja na nusu ya mkojo, ukolezi unakuwa milimoli 220 hadi 390 kwa lita. Damu ina milimoli 2.5 hadi 7 tu. Kwa hiyo kibofu ni kituo cha mafuta kilicho wazi saa zote, na yurease hufanya kazi humo kwa uwezo wake wote.

Mchango wa kwanza wa injini ni kukoroga. Mamilioni ya chembe zikifanya kazi pamoja huvuruga majimaji yaliyozizunguka, na kundi lote hutembea kama wingu. Picha za PET zilizotolewa na kundi hilo hilo mwaka 2021 zilionyesha mwendo huo wa pamoja ndani ya vibofu vya panya walio hai. Chembe zisizo na injini huzama na kukaa chini kama mashapo ya chai. Zinazokoroga huendelea kugusa ukuta wa juu, wa chini na wa pembeni, zikiwemo sehemu zenye uvimbe, muda wote dawa inapokuwa ndani.

Mchango wa pili ndio mkubwa zaidi, kwa maoni yetu. Amonia hupandisha pH pale pale chembe ilipo, na tishu inayouzunguka uvimbe hulegea. Mbinu hii haikubuniwa na binadamu. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, hutoboa ute mzito wa tumbo kwa yurease: hupandisha pH, ute uliokuwa kama jeli unakuwa majimaji, naye anapita. Peer Fischer na wenzake nchini Ujerumani waliiga jambo hilo mwaka 2015 kwa skrubu ndogo za sumaku zilizopakwa yurease, zikapenya ute ambao bila kimeng'enya hazikuweza kuupenya. Katika kibofu cha panya, ukuta usio na saratani ulikuwa mgumu na chembe ziligonga na kurudi, ila uvimbe, ambao umelegea kama sponji, uliziruhusu kuingia. Ndiyo sababu hazikuhitaji kingamwili za kuutambua uvimbe. Kuthibitisha kwamba zimo ndani kweli, si juu juu, vibofu vilifanywa vipitishe mwanga kama kioo kisha vikapigwa picha kwa hadubini inayomulika kwa karatasi nyembamba ya mwanga, iliyotengenezwa Barcelona.

Mchango wa tatu hauhusiani na injini hata chembe. Mzigo haukuwa dawa ya kawaida, ulikuwa iodini-131, iodini yenye mionzi. Chembechembe za beta zinazotoka kwenye iodini hiyo husafiri wastani wa milimita 0.4 ndani ya tishu, na nyingine hufika milimita 2, nusu uhai wake ukiwa siku 8. Milimita 0.4 ni seli 20 hadi 40. Kwa hiyo chembe haikuhitaji kuifikia kila seli, ilitosha iingie jirani na kukaa. Chembe hiyo hiyo ingebeba doksorubisini, ambayo lazima iguse seli yenyewe, hatuna sababu ya kutarajia 90%. Anayesoma matokeo haya na kusema "injini imeponya saratani" ameiacha nje sehemu ya fizikia ya mionzi.

Namna watafiti wanavyojidanganya

Njia ya kawaida ya kuthibitisha kwamba chembe inajisukuma ni kuifuata kwa video na kuchora mraba wa umbali dhidi ya muda. Inayotangatanga tu huchora mstari ulionyooka, inayojisukuma huchora mkunjo unaopanda. Lakini maji yenyewe yakiwa yanatiririka kidogo, kwa sababu tone linakauka upande mmoja au taa ya hadubini inalipasha joto, chembe iliyokufa nayo itachora mkunjo ule ule. Dawa yake ni kufunga kingo za kioo, kusubiri joto litulie, na kufuata chembe jirani: zote zikielekea upande mmoja, unachopima ni mto.

Kwenye majaribio ya seli, hatari ni amonia. Jaribio la awali la kundi la Barcelona, la mwaka 2018, lilionyesha kwamba chembe zenye yurease na doksorubisini ziliua seli za saratani zaidi ya zisizo na mwendo, na wenyewe wakaeleza wazi kwamba amonia ilisaidia kuua. Kwa hiyo jaribio lisilo na makundi yote ya kulinganisha halifai kuaminiwa: chembe yenye yurease bila dawa, chembe yenye dawa bila urea, na chembe iliyopakwa protini isiyofanya kazi kama albumini. Ukiona makala ina makundi mawili tu, isome kwa jicho la pembeni.

Nje ya kibofu

Kongosho ndiyo saratani ambayo kila mwenye chembe huahidi kuishinda. Uvimbe wake una wavu mzito ambao mara nyingi huzidi seli za saratani zenyewe kwa wingi, na mishipa iliyobanwa. Kuufikia lazima upite kwenye damu, na hapo injini ya urea inaishiwa ujanja. Damu kwenye mishipa midogo kabisa huenda kati ya nusu milimita na milimita moja kwa sekunde, mara mia ya kasi ya chembe. Kwenye mishipa mikubwa ni makumi ya sentimita. Protini za damu huifunika chembe kwa koti ndani ya dakika chache na kukiziba kimeng'enya. Chumvi ya damu huumeza uga wa umeme. Mafuta nayo ni haba. Wanaopendekeza katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, itumie peroksaidi inayotoka kwenye uvimbe hukutana na hesabu ile ile: peroksaidi ya kwenye tishu huhesabiwa kwa mikromoli, vijiti vya Pennsylvania vilihitaji karibu moli nzima kwa lita.

Kulegeza wavu peke yake pia kumejaribiwa kwa watu. Kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya haialuroniki, kikiwa kimefungwa kwenye polietilini glaikoli, kilipandisha matumaini kwa panya, lakini jaribio kubwa la hatua ya tatu kwa wagonjwa wa kongosho likaonyesha mwaka 2019 kwamba hakikurefusha maisha yao. Dawa iliweza kuingia zaidi na mgonjwa asifaidike.

Njia iliyo tofauti kabisa ni ya Sylvain Martel wa Montréal, aliyechapisha mwaka 2016. Alichukua bakteria wa baharini wenye mnyororo wa fuwele za sumaku mwilini na mikia inayozunguka, wanaopenda maji yenye oksijeni kidogo, akambandika kila mmoja vifuko 70 hivi vya dawa. Aliwadunga karibu na uvimbe wa panya, akawaelekeza kwa sumaku, kisha akaiacha hamu yao ya oksijeni haba iwapeleke ndani. Hadi 55% walipenya kwenye maeneo yenye oksijeni haba. Linganisha na 0.7%, ingawa kudunga pembeni ya uvimbe si sawa na kudunga mshipani. Hapa kuna usukani kweli. Kuna pia kiumbe hai kigeni ndani ya mgonjwa ambaye kinga yake imeshachoshwa na dawa.

Kutoka panya hadi mgonjwa

Kibofu cha panya hubeba kama sehemu ya kumi ya mililita, cha mtu mililita 300 hadi 500. Wingi wa chembe unaotosha kwa panya ungelazimika kuzidishwa maelfu ya mara, na kupika silika kwa ndoo si sawa na kuipika kwa chupa: joto na mkorogo visipolingana kila pembe, punje zinatoka za ukubwa mchanganyiko. Uvimbe wa mtu ni wa sentimita, na muda wa kutawanyika huongezeka kwa mraba wa umbali, hivyo unene mara kumi ni muda mara mia. Maji anayokunywa mgonjwa nayo yanaingia kwenye hesabu. Akinywa sana, urea inazimuliwa na chembe zinafukuzwa na mkojo mapema. Utaratibu wa mitomaisini tayari humtaka apunguze maji kabla ya kuwekewa dawa, na humpa sodiamu baikaboneti ili mkojo usiwe na asidi inayoiharibu dawa hiyo. Yurease ingefanya kazi ya baikaboneti bila kuombwa.

Lakini pH ikipanda kupita kiasi, magnesiamu, amonia na fosfati za mkojo hukutana na kuwa mawe ya struvaiti. Ndivyo mawe hayo yanavyotengenezwa na bakteria Proteus, kwa yurease hiyo hiyo. Chembe itakayobaki kwenye ukuta ikiendelea kuvunja urea kwa siku nyingi inaweza kuwa kiini cha jiwe, na jambo hili linahitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu kuliko wa kupima uvimbe. Iodini ikibanduka kwenye chembe na kuingia mwilini huenda kwenye tezi ya shingo, hivyo mgonjwa atahitaji vidonge vya potasiamu iodaidi, na mkojo wake utashughulikiwa kama taka ya mionzi kwa siku kadhaa. Hospitali zinazotibu tezi kwa iodini zina vyumba na vyoo vya namna hiyo. Kliniki za kawaida za mkojo hazina.

Kwa msomaji wa Unguja, Pemba, Kwale au kanda ya ziwa kuna jambo la ziada. Saratani nyingi za kibofu zilizofanyiwa majaribio haya ni za seli za utando wa kawaida wa kibofu. Kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikitambua rasmi mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani, huleta zaidi saratani ya seli bapa, yenye tabaka gumu la keratini, kwenye ukuta uliojaa makovu na chokaa ya mayai ya minyoo. Mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaingia kwenye msuli, na hapo tiba ya kumimina kitu chochote ndani ya kibofu, chenye injini au kisicho nayo, haitumiki. Upasuaji wa kukitoa kibofu ndio huanza kujadiliwa. Minyoo yenyewe huuawa na prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa dozi moja.